Sura Kumi na Moja Zilizobaki

Clémentine alimaliza dokezo la tisini na tano, akaweka nukta, kisha akachora mstari mfupi wa chaki pembezoni mwa daftari, kama anavyochora kwenye kitambaa mahali pa kukata. Simu ya marehemu mumewe ilikuwa mbele yake juu ya meza ya kushonea, imeegemezwa kwenye kopo la vifungo. Kila kioo kilipotaka kuzima, alikigusa kwa kidole cha mwisho, kwa sababu vidole vingine vilikuwa na wino. Akasogeza ukurasa. Dokezo la tisini na sita lilisema:

*Givre: barafu ya asubui, nyembamba, sawa unga wenye kubakia ku mikono ya mama mwenye kutoka ku mashini.*

Akaliandika jinsi lilivyo, pamoja na namba ya ukurasa: 203.

Octave alikuwa fundi kwenye bwawa la umeme la Koni kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa mtu wa vitabu, lakini vitabu vya karatasi vilikuwa adimu mjini Likasi, kwa hiyo alisoma vya kwenye kioo. Nyumbani alikuwa na tablette, na kila jioni baada ya chakula aliifungua na kumsomea mkewe huku yeye akipinda nguo kwa mkono. Kitabu chao cha mwisho kilikuwa riwaya nene ya Kifaransa kuhusu mkunga aitwaye Honorine, aliyesafiri na farasi mzee katika nchi ya theluji akimtafuta mdogo wake aliyetoroka nyumbani. Clémentine aliacha shule darasa la tano. Kifaransa chake kilimtosha sokoni na kanisani, hakikumtosha kwa riwaya. Basi macho ya Octave yalitembea juu ya Kifaransa na mdomo wake ukatoa Kiswahili, bila kukwama, na mkewe alidhani miaka yote hiyo kwamba maneno yalimjia tu, kama yanavyowajia watu waliosoma.

Kumbe sivyo. Siku ya tatu baada ya mazishi, binti yao Daniella alifungua simu ya baba yake kutafuta namba za jamaa wa mbali. Akakikuta kitabu kile kile, katika programu nyingine, si ile ya kwenye tablette. Ndani yake kulikuwa na madokezo mia tatu na kumi na mawili, yale maneno mafupi ambayo msomaji anaweza kuyaandika pembeni ya mstari. Mchana, saa ya mapumziko kule Koni, Octave alikuwa akisoma mbele peke yake. Kila neno gumu alilitafutia Kiswahili cha nyumbani kwake, akaliandika, akalijaribu. Pengine aliandika: *Hapa usome pole, Clé atalia.* Au: *Hapa atacheka, usicheke mbele yake.*

Siku zote simu ilikuwa mbele ya tablette kwa sura kumi na moja. Alipofariki katika basi la kazi, akirudi nyumbani, presha ikiwa imepanda, alikuwa amemsomea mkewe hadi sura ya ishirini na moja na kujiandaa hadi ya thelathini na mbili. Jioni ya mwisho Honorine alifika katika nyumba ya wageni, na mwenye nyumba akamwambia kwamba anamjua yule mdogo wake, lakini kwanza ale.

"Unaona?" Octave alisema akifunika tablette. "Ata kule, habari inakuyaka nyuma ya chakula."

Clémentine hakutaka kingine katika vitu vya marehemu. Alitaka sura hizo kumi na moja, kwa maneno ya Octave. Alitaka kuyahamisha yote kwenye daftari kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ukoo ungekuja kugawana vitu. Simu ilikuwa imepangiwa Étienne, mdogo wa marehemu. Tablette ingekwenda kwa Elie, mpwa wake wa Kambove.

"Mama," alisema Daniella, aliyekuwa akimenya mihogo mlangoni, "juu ya nini unaanzia ku mwanzo? Zile za mwanzo ulisikiaka zote. Anzia ku chapitre ya vingt-deux, kwenye papa aliachia."

"Daniella, weye unashonaka robe kuanzia ku pindo?"

"Minye sishonake robe, mama."

"Njo maana unauliza."

Daniella alicheka, mara ya kwanza tangu msiba, na Clémentine akafurahi kuwa amemchekesha. Yeye alikuwa mtu wa utaratibu. Mbele, nyuma, mikono, kola, mwisho pindo. Utaratibu huo haukuwahi kumharibia kitambaa hata kimoja.

Alikuwa kwenye dokezo la tisini na saba, mwisho wa sura ya kumi na tatu, Étienne alipobisha hodi, siku ya Jumanne.

Étienne aliuza vipuri vya pikipiki karibu na soko. Alikuwa ameacha misa miaka kumi iliyopita na kuhamia kanisa la maombi, lakini kwa ajili ya kaka yake alikuwa amekubali kusimamia misa ya siku ya arobaini, na kuilipia kwaya soda. Alisimama kidogo mbele ya picha ya Octave ukutani, ndipo akaketi.

"Mulamu, uliamukaka?"

"Niliamuka muzuri, Étienne. Batoto beko?"

"Beko. Banasumbua tu." Alitazama meza. "Ninaomba ile telefone siku mbili. Mule muko ba-photo ya yaya Octave, ile ya Koni yenye kofia. Tunataka kuitia ku karatasi ya misa."

Clémentine alikuwa tayari amefunika daftari kwa kipande cha kitambaa. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini alilifunika. Hakumwogopa Étienne. Ila alijiona: mjane wa miaka hamsini na mitatu, na nguo nyeusi mwilini, anahangaika kujua hadithi ya mkunga na farasi itakavyoisha. Mtu anaanzaje kulisema jambo hilo mbele ya shemeji, kabla hata vitu vya marehemu havijagawanywa?

"Utairudisha?" aliuliza.

"Jeudi asubui iko hapa. Iko yangu samedi, lakini mbele ya samedi iko yako."

Akampa.

Jumatano alishona sare za wanakwaya. Alipopita nyuma ya nyumba ya Étienne kupeleka sindano, aliona mashati ya Octave yameanikwa kwenye kamba, saba, yamefungwa vifungo vyote. Katika ukoo wao nguo za marehemu hazigawanywi kabla ya kufuliwa. Wake wa ndugu ndio wanaozifua, kwa maji mawili, ili anayezivaa asivae kilio cha mwingine. Clémentine aliyajua mashati hayo hadi uzi wake wa ndani. Alisimama akayatazama, kisha akaendelea na safari.

Alhamisi Étienne alikuja mapema, kama alivyoahidi. Simu ilikuwa imefungwa katika leso nyeupe iliyopigwa pasi. Aliiweka juu ya meza kwa mikono miwili.

"Mulamu, nilitengeneza kitu moja. Tulifula manguo yote, unajua. Nikawaza: na telefone? Yaya aliishikaka kila siku, mpaka siku ile mu basi. Itabakia na kilio ndani? Nikaipeleka kwa muntu wa kutengeneza ba-telefone, nikamuambia: safisha, inje na ndani. Ba-photo nilitosha mbele, usiogope. Iko mu ordinateur yangu yote." Akafungua leso. "Angalia. Iko mupya."

Ilikuwa mpya kweli. Hata ufa mdogo wa pembeni ulikuwa umepakwa gundi. Clémentine aliibonyeza ubavuni, kioo kikawaka cheupe, kikamkaribisha kwa Kifaransa na kumwomba achague lugha.

Aliitazama orodha ya lugha. Akasubiri. Hakuna kingine kilichotokea.

"Daniella," aliita, na sauti yake mwenyewe aliisikia kana kwamba inatoka chumba kingine. "Kuya uangalie."

Daniella alikuja akijifuta mikono. Alishika simu, akagusa huku na huku, akaenda nayo dirishani, akarudi.

"Ba-note iko wapi?" Akamtazama baba yake mdogo. "Kitabu iko wapi? Baba mudogo, balifuta yote! Hakuna ata kitu! Uliua papa mara ya pili!"

"Nyamaza," alisema Clémentine.

"Mama, lakini..."

"Nyamaza, mutoto wangu. Ikala chini."

Étienne alibaki na leso mkononi. "Nilifanya nini?" alisema polepole. "Muniambie. Nilifanya nini?"

Ikabidi Clémentine aseme sasa lile aliloshindwa kulisema Jumanne. Alitoa daftari chini ya kitambaa akamwonyesha mistari tisini na saba, na chaki pembeni ya kila mmoja. Akamweleza juu ya Honorine na farasi, na mapumziko ya mchana kule Koni. Étienne alisoma ukurasa mzima bila kuinua kichwa. Aliposoma habari ya unga mikononi mwa mama atokaye mashineni, alitabasamu, na hapo hapo uso wake ukavunjika.

"Ni mama yetu huyu," alisema. "Alitokaka ku mashini vile, mikono myeupe, anatupakaa ku pua." Akafunga daftari. "Juu ya nini haukuniambia, mulamu?"

Swali hilo halikuwa na lawama, na ndiyo maana lilimuuma. Yeye alikuwa amenyamaza. Tena alikuwa ameanza mwanzoni, na yale asiyoyasikia akayaacha mwisho. Kama kulikuwa na kosa, lilikuwa limekatwa vipande viwili, na hakujua chake kilikuwa kidogo au kikubwa.

"Nilisikia haya," alisema.

Daniella ndiye aliyekumbuka tablette. Mwaka uliopita alikuwa amemfungulia baba yake akaunti katika programu ile ya simu, kwa hiyo nenosiri alilijua: tarehe ya ndoa ya wazazi wake. Programu kama hiyo, alieleza, hutunza nakala ya madokezo mbali, mradi kifaa kimeunganishwa, na kifaa kingine chochote kinaweza kuyavuta. Umeme haukuwepo tangu alfajiri. Octave alizoea kusema umeme wake unapita juu ya nyumba yao, unasalimia, unaendelea na safari. Tablette ilikuwa na chaji ya thelathini na moja kwa mia. Daniella akatumia mega zake za intaneti, akaisakinisha programu, akaandika tarehe ya ndoa. Wote watatu waliinama juu ya kioo.

Kitabu kilitokea. Na madokezo yakaanza kujipanga, moja moja, ya njano.

"Mungu ni muzuri," alinong'ona Étienne. "Asante, Bwana. Asante."

"Ngoja, baba mudogo," alisema Daniella. Alishuka nayo hadi chini kabisa, akasoma kimya, akapandisha, akashuka tena. "Inasimama ku chapitre ya vingt-quatre. Mwezi wa pili. Ile wiki papa alienda formation ya kazi ku Lubumbashi, kulikuwa wifi ku hôtel. Nyuma ya pale hakuunganisha tena. Alifunga internet juu ya mega. Anasemaka mega ni ya kuongea na bantu, haiko ya kuongea na kitabu."

"Alisemaka vile," alikubali Clémentine.

Clémentine alihesabu kwa vidole. Sura ya ishirini na mbili, ya ishirini na tatu, ya ishirini na nne. Tatu zilikuwa zimepona. Nane zilikuwa kwenye simu peke yake, na simu ilikuwa juu ya leso nyeupe, bado inasubiri ichaguliwe lugha.

Clémentine akavuta daftari. Alitaka kufanya kitu kwa mikono. Alitafuta dokezo la barafu ya asubuhi kwenye tablette, ukurasa wa 203, akakuta sehemu asiyoijua kabisa, watu wakigombania deni la nyasi za farasi. Akadhani hata hilo limepotea.

"Apana, mama. Ukurasa haifanane," alisema Daniella. "Ku telefone papa alitia maandiko makubwa, juu ya macho. Kitabu ikakuwa na kurasa mingi. Huku maandiko ni madogo." Akatafuta neno lenyewe. Lilikuwa ukurasa wa 61.

Clémentine akakumbuka. Jioni moja Octave aliweka simu na tablette pamoja juu ya magoti yake, akasema, "Angalia, Clé, ni kitabu kimoja, lakini mu telefone kinanenepa, mu tablette kinakonda. Sawa minye wakati wa likizo na wakati wa kazi." Alikuwa amecheka bila kuelewa. Sasa alielewa: namba zote tisini na saba alizoziandika kwa uangalifu, ukurasa baada ya ukurasa, zilikuwa namba za kitu ambacho hakipo tena. Ilibidi pembeni ya kila dokezo aandike sura badala ya ukurasa. Sura haibadiliki, hata kitabu kinenepe. Akachukua kalamu, akafuta ya kwanza, akaandika: sura 1.

"Samedi Elie atatwala hii tablette," alisema bila kumtazama mtu.

Étienne aliinua kichwa. "Haitoke hapa."

"Famille iligawanyaka kwa mudomo. Batauliza."

"Bataniuliza minye. Elie atangoja. Iko kijana, ata mwaka anaweza kungoja." Akaisukuma simu kidogo kuelekea kwa Clémentine, kisha akairudisha, kwa kuwa hakukuwa na maana ya kumpa. "Nitasema ni minye nilikosa. Si uongo."

"Usiseme vile mbele ya bantu. Sema tu kazi haijaisha."

Walikaa, Clémentine akiendelea kubadilisha namba. Nje Mado wa jirani alipita akiuliza kwa sauti kama kuna mwenye umeme. Chaji ilikuwa kumi na nane. Étienne alikohoa.

"Mulamu. Minye Kifaransa ninasomaka. Ku kanisa njo minye ninafasiri wakati pasteur mugeni anakuya." Aliivuta tablette kwa ncha za vidole, kama mtu anayeomba ruhusa. "Zile nane zenye hazina ba-note, naweza kujaribu. Kidogo kidogo. Nione tu kama inawezekana."

Clémentine hakutaka. Alitaka sura ya ishirini na mbili kwanza, iliyo na maneno ya Octave. Lakini alimwona jinsi alivyoshika ile tablette, akaona kwamba mtu huyu hawezi kwenda nyumbani kwake hivi. Akaitikia kwa kichwa.

Étienne alifungua sura ya ishirini na tano. Ilikuwa nyeupe tupu pembeni, bila hata alama moja ya njano. Alisafisha koo.

"Asubui ile... Honorine alifungua dirisha. Farasi ilikuwa... ilikuwa inje, inasimama mu maji. Barabara yote..." Akasimama. Akarudi nyuma. Sauti yake ilikuwa sauti ya madhabahuni, kubwa mno kwa chumba, na kila neno lilikuja peke yake bila kushikana na la mbele. "Barabara yote, ni le dégel tu... ni ile... Mulamu, yaya alikuwa anasema namna gani *dégel*? Ni wakati barafu inaachaka kuwa barafu. Inageuka maji."

"Angalia mu kaye," alisema Daniella.

Clémentine alipekua ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikishuka pembeni mwa mistari ya chaki. Kulikuwa na *givre*. Kulikuwa na *verglas: barafu yenye kubandika ku barabara, hauione, unaanguka nayo.* Kulikuwa na *neige*, mara tatu, kila mara tofauti, kwa sababu Octave hakuridhika. Daniella akatafuta kwenye tablette yenyewe, hadi sura ya ishirini na nne. *Dégel* haikuwepo. Mpaka hapo nchi ile ilikuwa bado imeganda.

"Barafu inakufa," alijaribu Étienne. "Tuseme vile? Wakati wa barafu kufa."

Clémentine aliliweka neno hilo mdomoni mwa mumewe, akalisikiliza. Aliona miwani yake, na kidole kikigonga ukingo wa tablette kabla ya neno gumu, jambo ambalo sasa alijua lilikuwa kukumbuka, halikuwa kufikiri.

"Octave hangesema *inakufa*," alisema.

"Angesema nini?"

"Sijue."

Étienne aliinamisha kichwa. Akairudisha tablette mezani. Kioo kilionya kwamba chaji imebaki tano kwa mia. Daniella akaizima tablette, akaifunika kwa leso nyeupe iliyokuja na simu.

"Kesho courant ikirudia tutatia ku prise," alisema. "Tutaanza na vingt-deux, mama. Tutaiandika yote mbele ya kuisoma. Na ile ya namba nitakusaidia. Ulishabadilisha ngapi?"

"Kumi na moja."

"Ku tisini na saba."

"Ku tisini na saba."

Étienne alisimama, akapanga kiti mahali pake. Mlangoni aligeuka. "Kesho nafunga boutique saa sita. Naweza kukuya?"

"Kuya," alisema Clémentine. "Lakini usome pole. Na sauti ya nyumbani."

Alipoondoka, Clémentine alifungua daftari kwenye ukurasa safi wa mwisho. Juu yake aliandika: sura 25. Chini yake aliandika *Dégel*, akaweka nukta mbili, akaacha mstari mzima mtupu. Kisha akachukua chaki, akachora alama pembeni, palipobaki pa kukatwa.